Utani wa njia ya Tabora na watu wa Linux

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Linux wanatukanana kutwa na bado wanasaidiana, anzia Tabora.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka pwani, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, halafu ikaendelea Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi. Kero zao zilikuwa za kila siku: posho ndogo, maji haba, na hongo iliyosimamisha msafara siku nzima huku watu wamekaa tu na mizigo yao.

Sasa fikiria Mnyamwezi yuko Uzaramo, miezi mitatu mbali na kwao, hana ndugu. Akiumwa je? Akifa? Hapo ndipo penye utani. Wanahistoria wengi wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na makabila ya upande wa pwani, kama Wazaramo na Waluguru, na safari hizo. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, na mambo aliyoyaeleza bado tunayaona misibani. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kofia, na huna ruhusa ya kununa. Ila msiba ukikufika, mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Matusi yana deni nyuma yake.

Tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1976 zilizaliwa programu mbili za kuandikia, vi na Emacs. Mpaka leo wafuasi wake wanachekana kama Mnyamwezi na Mzaramo. Mtu wa Emacs atasema vi haina hata mlango wa kutokea. Na kweli, anayeifungua mara ya kwanza huwa anabonyeza kila kitu, jasho linamtoka, mwishowe anazima mashine. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka kwenye Vim, mtoto wa vi, limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Dunia nzima ilicheka. Lakini jamani, jibu lilikuwepo palepale, limeandikwa na mtu ambaye hakulipwa hata senti. Huo ni utani kamili: anakucheka, halafu anakutoa.

Tatizo linakuja pale kicheko kinapobaki peke yake. Mgeni anauliza kwa nini sauti haitoki kwenye kompyuta yake, anajibiwa "kasome mwongozo", basi. Wenyewe wanaita mzaha. Kwa watu wa njia ya Tabora hiyo ni dharau tu, kwa sababu aliyecheka hakugusa mzigo.

Na mzigo ni uleule. Hata leo tunasema kupakia na kupakua mafaili, maneno ya watu wa shehena. Toleo la Linux lililotoka 2004 likaitwa Ubuntu, neno la kusini mwa Afrika ambalo ni ndugu wa "utu" wetu. Kijana wa Tabora anayelipakua usiku, intaneti ikikatika kila dakika kumi, ana haki ya kuchekwa akikosea. Ana haki pia ya kujibiwa.