Puma wa California: kutoka hesabu ya mizoga hadi kola ya redio

Majaribio yameisha, turudi kijiweni. Leo ni historia, ila siyo ya wafalme. Ni ya puma, yule paka mkubwa wa Amerika ambaye wengine humwita simba wa milimani.

Kuanzia 1907 hadi 1963 jimbo la California, Marekani, lilikuwa linalipa pesa kwa kila puma aliyeuawa. Zaidi ya 12,000 walilipiwa hivyo. Yaani kwa miaka 56 karatasi za serikali zilihesabu mizoga. Zinakuambia wangapi walikufa, hazikuambii waliishije.

Mwaka 1964 mtafiti Maurice Hornocker akaanza kuwafuata wakiwa hai, porini Idaho. Mbwa wanamkimbiza puma mpaka apande mti, anapigwa sindano ya usingizi, anatiwa alama, anaachiwa aende zake. Mwaka 1990 wapiga kura wa California wakapiga marufuku kumwinda kwa mchezo.

Halafu 2002 watafiti wa hifadhi za taifa wakahamia jirani kabisa na watu: milima ya Santa Monica, ubavuni mwa Los Angeles. Puma walivishwa kola na kupewa namba. Maarufu kuliko wote ni P-22, aliyenaswa na kamera ya kutegea mwaka 2012 ndani ya Griffith Park, katikati ya jiji. Inaaminika alivuka barabara kuu mbili kufika pale. Aliishi hapo miaka kumi bila jike, na hakumdhuru mtu hata mmoja.

Sisemi puma ni wapole jamani. Machi 2024 mmoja aliua kijana kaskazini mwa California. Lakini kola zilionyesha kitu ambacho mizoga isingesema: hapa anayebanwa zaidi ni puma. Magari yanawagonga, sumu ya panya inawafikia kupitia mawindo, na barabara zimewafungia mpaka ndugu wanazaana. Mwaka 2020 akaonekana mmoja mwenye mkia uliopinda. P-22 mwenyewe alidungwa sindano ya mwisho Desemba 2022, akiwa na majeraha yanayodhaniwa ya gari. Mwaka huohuo, Aprili, ujenzi wa daraja la wanyama juu ya barabara ya 101 ulikuwa umeanza.

Walimu wenzangu watarajiwa, tukienda mazoezi ya kufundisha tuwaulize wanafunzi: kumbukumbu hii kaandika nani, na alikuwa analipwa kwa kazi gani?