Hifadhi, Akiba au Amana?

Barabara kuu inayopita Kingolwira ikitoka Dar es Salaam huingia Morogoro mjini, kisha hushika njia ya Iringa hadi kwenye bango la Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hapo neno hifadhi halihitaji kamusi. Kuna mpaka, kuna askari, kuna sheria, na dereva akigonga mnyama anatozwa faini. Sasa rudi Kingolwira, ingia steshenari yoyote ya kando ya barabara, usikilize neno lilelile kwa mwenye kompyuta: "Tayari, nimehifadhi." Amebonyeza kitufe, faili limekaa kwenye diski. Mpaka haupo, askari hayupo.

Steshenari hizi zimebeba mengi kuliko tunavyodhani: mitihani ya shule za kata, tasnifu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, mihtasari ya vikao vya kijiji, picha za harusi na za misiba. Wenyewe wanajua kwamba flashi hufa bila kuaga. Kwa hiyo wameanza kuulizana wapi ng'ambo wanaweza kupata nafasi kubwa kwenye seva, kwa bei ndogo ya kila mwezi, wakaweka kazi zao huko kwa miaka. Mazungumzo hayo yote yanaendeshwa na neno moja: hifadhi ya seva, hifadhi ya wingu, hifadhi ya muda mrefu, kuhifadhi nakala. Mahali, tendo, nakala na usalama, vyote vinaitwa hifadhi. Mnunuzi mwenye neno moja kwa mambo manne atalipia moja na kuamini ameyapata yote.

Mzizi wa hifadhi ni wa Kiarabu, na tangu ulipoingia kwetu umebeba ulinzi na kumbukumbu kwa pamoja. Anayehifadhi Kurani hajaiweka mahali. Ameishika moyoni, na ukimwamsha usiku wa manane atakusomea. Hicho ndicho kipimo cha neno hili: kilichohifadhiwa kinasomeka tena. Tuliache basi hifadhi liwe jina la matokeo, la hali ya kitu kilichokwisha kuwa salama, wala tusiipe kila diski jina hilo.

Mahali tupaite nini? Stoo imeshazoea viti vibovu. Kihenge ni cha nafaka, na kikae huko. Ghala lingefaa sana, ila wataalamu wa kanzidata wameshaliposa; ghala la data kwao ni mfumo wa kuchambulia takwimu. Mimi nachagua bohari. Mtanzania analijua kutokana na Bohari ya Dawa, na anajua kwamba bohari ina mtunzaji na daftari: kinachoingia kinaandikwa, kinachotoka kinaandikwa. Bohari ya mafaili. Neno halina ugeni wowote mdomoni.

Seva nalikubali bila ubishi. Limevaa irabu zetu, limeingia ngeli ya i-/zi- kwa adabu, na kila fundi analitumia.

Tatizo ni lile linaloambatana nalo: seva pepe. Tulipokubali barua pepe tulisikia upepo, kupepea, wepesi wa kufika. Jina lilipata bahati. Tangu hapo pepe limegeuzwa kiambatisho cha kila kisichoshikika. Lakini Morogoro ni mkoa wa mpunga, na mkulima wa Kilombero au Dakawa ana pepe yake ya zamani: punje iliyo ganda tupu, ile inayopeperuka wakati wa kupeta. Mwambie mtu huyo aweke tasnifu ya mwanawe kwenye seva pepe, na sikio lake litakataa kabla ya akili. Nadhani sikio hilo lina haki. Dhahania, mbadala wake, nalo ni baya zaidi, maana linasema kitu hakipo kabisa ila mawazoni, wakati seva hii ipo, ina umeme wake, ina joto lake, na bili yake inakuja.

Ukweli wake ni huu: mtambo mmoja mkubwa umegawanywa kwa programu, kila mteja akapewa sehemu yake yenye mlango na ufunguo wake. Kiswahili cha mjini kina kitenzi cha maisha hayo hasa, nacho ni kupanga. Tuna mpangaji, tuna mwenye nyumba, tuna kodi ya mwezi, tuna chumba kimoja katika nyumba ya vyumba kumi ambamo jirani akifungulia maji sana bomba lako linadhoofu. Wanaolinganisha seva za bei ndogo wanalifahamu hilo la jirani: diski ni ya wengi, na mmoja akiichosha wote wanasubiri. Seva ya kupanga, ndiyo istilahi ninayoipendekeza. Inamwambia mnunuzi yeye ni nani katika mkataba.

Hapa nakaa kidogo, maana liko neno jingine ambalo watu wanalitumia bila kulitamka. Wanapopeleka mafaili yao ng'ambo, moyoni wanadhani wameweka amana. Amana ni kati ya maneno mazito tuliyopewa na Kiarabu. Limetoka katika ukoo mmoja na imani na uaminifu. Aliyepokea amana amejifunga: atailinda kuliko mali yake, na akidaiwa atairudisha. Benki zetu zimelichukua neno hilo kwa fedha zinazowekwa, na zimelichukua kwa haki, kwa sababu benki inawajibika kukurudishia. Mwenye seva ya kupanga hajajifunga hivyo. Soma masharti ya kampuni nyingi za bei ndogo utakuta yanasema wazi kwamba kutunza nakala ni jukumu la mteja. Amekupangisha chumba. Hakupokea amana.

Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika vituo vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na jengo moja likateketea kabisa. Wateja wengi walipoteza tovuti na mafaili yasiyopatikana tena. Wapo waliokuwa wamelipia hata huduma ya nakala, nazo nakala zikawa palepale penye moto. Kesi moja iliyofika mahakamani ilizunguka maana ya maneno ya mkataba yaliyosema nakala itatengwa kimwili na mtambo wa awali: je, kutengwa ni kuwa katika mashine nyingine, au ni kuwa mahali pengine? Mabishano ya fedha nyingi yakasimama juu ya neno kutenga. Sisi tunaopenda maneno tusishangae.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetusaidia kidogo hapa. Imeleta majina mkusanyaji na mchakataji. Mwenye steshenari aliyepokea vyeti vya watu na namba zao ni mkusanyaji. Mwenye mtambo ulio Ulaya anamchakatia. Majina hayo ni mazuri kwa sababu kila moja linabeba kazi yake hadharani.

Sasa nakala yenyewe. Mtaani inaitwa bakapu, na swali "umefanya bakapu?" linaeleweka kuanzia Kingolwira hadi Kariakoo. Silichukii. Lakini tuna matatu ya kwetu yanayogombea kiti, na kila moja lina siri yake.

La kwanza ni nakala rudufu. Walimu wa zamani wanaikumbuka mashine ya kurudufu, stensili na wino mweusi uliobaki vidoleni siku za mitihani. Rudufu linasema kitu kimefanywa cha pili. Linahesabu tu; halisemi cha pili kiko wapi. Mafaili mawili yaliyofanana ndani ya diski moja ni rudufu kamili, na yataungua pamoja kama yale ya Strasbourg. Halafu nakala na rudufu kuwekwa pamoja ni kusema jambo lilelile mara mbili.

Chelezo ni neno la pwani, la ukoo wa kuelea: boya, chombo kinachokuweka juu ya maji, na pia mahali pa kutengenezea meli. Wanaolitumia kwa bakapu wamewaza vizuri. Jahazi likizama, ushike chelezo. Hata Kingolwira, iliyo bara, mabwawa ya kituo cha ufugaji samaki yanatosha kumfundisha mtoto kuelea ni nini. Ninachokipenda zaidi ni kitenzi kilichozaliwa humo, kucheleza. Sikio langu linakisikia karibu na kucha, asubuhi ile iliyotupa kuchelewa, yaani kufikiwa na mapambazuko. Sidai kwamba huo ndio ukoo wake. Nasema tunaweza kukilea hivyo. Kucheleza faili kuwe kulifikisha faili kesho. Kama kitenzi, nakipigia kura.

Ila kwa nomino, akiba inashinda. Mzizi wake wa Kiarabu una habari ya kinachofuata nyuma, ya mwisho wa jambo. Na Waswahili wamekwisha kusema kwamba akiba haiozi. Akiba haiguswi ovyo, na ina shabaha: inangoja siku ya haja. Mchezaji wa akiba si jina lililoandikwa tu kwenye karatasi ya refa. Hupasha misuli pembeni ya uwanja ili akiitwa aweze kucheza. Nakala ya akiba, basi, ni ile iliyokaa mbali na ya kwanza na iliyojaribiwa kufunguka. Kanuni wanayoitaja mafundi, ya kuwa na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 ikiwa nje ya jengo, imo yote ndani ya neno akiba ukilichukua kwa uzito wake.

Kuna aina ya nakala ambayo kila usiku huchukua kilichobadilika tu, kidogo kidogo juu ya kilichopo. Kuiita nakala nyongezi ni kuipa jina lisilo na ladha. Tunacho kudunduliza! Mama anayeweka sarafu kwenye kibubu anadunduliza. Nakala ya kudunduliza: nani atauliza maana?

Na kabla mafaili hayajaondoka yafichwe yasisomwe na mwenye nyumba. Usimbaji fiche limeshika mizizi vitabuni, nami silipingi, lakini washairi walituachia kufumba na fumbo, na sarufi yetu ikaongeza zawadi ya kinyume: funga, fungua, ziba, zibua, fumba, fumbua. Kiambishi kimoja kinatenda kazi ambayo istilahi ya vitabuni inahitaji sentensi. Faili lililofumbwa hufumbuliwa kwa ufunguo, na ufunguo ukipotea akiba yote ni fumbo la milele.

Bei nayo ina maneno mawili, na watu wanayachanganya. Rahisi kwa Kiarabu ni la bei ndogo. Sisi tukaliongezea maana ya kisicho kigumu. Nafuu ni la ukoo mmoja na manufaa, na kwetu limekwenda hadi kitandani: mgonjwa amepata nafuu. Kwa hiyo kitu rahisi ni chepesi kuingia, na kitu cha nafuu kinakuacha ukiwa na hali bora. Seva ya kupanga yenye diski kubwa na ya polepole huwa rahisi siku ya kujiunga. Unafuu wake hupimwa siku ya kutoa, maana kampuni nyingine hutoza data inayotoka, na bili huandikwa kwa yuro au dola huku shilingi ikipanda na kushuka. Kwenye matangazo yetu ya Kiswahili ningependa rahisi litumike kwa bei ya kuingilia peke yake.

Wingu nitalipita upesi. Watu wa chini ya Uluguru wanalijua wingu kwa mvua na kwa mito, Ngerengere ukiwemo. Wanajua pia kwamba halikai. Kuita chuma kilichofungwa ndani ya jengo la Ujerumani au Ufini wingu ni kukificha. Bohari ya mbali inatosha.

Kwa vitu vya kukaa miaka 20 bila kuguswa, Wakenya wana makavazi, na Dar es Salaam kuna Kavazi la Mwalimu Nyerere. Kavazi si akiba. Akiba hungoja ajali. Kavazi hungoja msomaji. Steshenari inahitaji akiba ya mafaili ya mwaka huu na kavazi la picha za harusi za zamani, na la pili ndilo linaloweza kukaa kwenye diski ya bei ndogo kabisa.

Neno linalokosekana katika mazungumzo yote niliyoyasikia ni kurejesha. Terabaiti 1 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9 kurudi, hata kama mkongo haujaguswa. Na huguswa: tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi yetu ikasikia. Tunahitaji nomino ya muda huo. Muda wa marejeo, nasema mimi, na uandikwe kwenye tangazo kando ya bei.

Limebaki moja ninalowaachia wasomaji wa Mgeta na Matombo. Nakala za zamani zikizidi, programu huzikata na kuacha chache: za kila siku kwa wiki moja, za kila wiki kwa mwezi, za kila mwezi kwa mwaka. Kufuta hakutoshi, kwa kuwa kufuta hakuchagui. Kupogoa kunachagua. Wakulima wa milimani wanaopogoa miti yao ya matunda watuambie kama tunalitumia sawasawa.