Nia na Njia Yake

Mwaka 1945 Mchungaji Wilbert Awdry alitoa nchini Uingereza kitabu cha kwanza cha hadithi zake za magarimoshi yenye nyuso na ndimi za wanadamu. Hadithi hizo ziliingia katika televisheni mwaka 1984 kwa mifano midogo ya magarimoshi, kisha kuanzia 2009 hadi 2021 zikasanifiwa kwa kompyuta. Kundi la wahusika wakuu lilibaki la Kiingereza hadi 2018, alipoingizwa Nia, mhusika wa kike wa rangi ya chungwa kutoka Kenya.

Umbo lake limefuata injini za Reli ya Kenya na Uganda, nazo ziliundwa Uingereza. Basi chuma ni chao. Jina ndilo letu. Nasi twaujua uzito wake, kwani hakuna saumu wala sala isiyotanguliwa na nia. Wahenga walinena, penye nia pana njia. Reli ile, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilikuwa na nia ya watawala. Njia ikapasua ardhi ya watu wasioulizwa, na vibarua wapatao 2,500, wengi wao Wahindi, wakafa.

Mtoto wetu akiuliza maana ya jina hilo, asiishie kuambiwa methali. Aambiwe na habari ya reli.