Madaktari wa Mulago na Sahani ya Matoke

Mwaka jana jajja yangu alirudi kutoka kliniki na karatasi ya ushauri. Ana kisukari na presha. Karatasi ilimtaka apunguze matoke, aache mchuzi wa karanga kwa sababu ya mafuta, na ale mkate wa ngano isiyokobolewa, ambao katika maduka ya mtaani kwetu Kawempe sijawahi kuuona. Nilipomsomea kwa Kiganda, aliniuliza: "Nani alianza kusema haya?" Nilidhani jibu liko mbali, Uingereza au Marekani. Kumbe sehemu kubwa ya jibu iko Mulago, hospitali iliyo katika tarafa yetu hii hii.

Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda na kufanya kazi Mulago kwa miaka mingi. Wodini aliwakuta watoto waliovimba miguu, nywele zimepauka. Mwaka 1954 yeye na wenzake, Davies na Dean, walitoa kitabu kuhusu ugonjwa huo, kwashakoo. Matoke yalikuwa miongoni mwa washtakiwa: mtoto aliyeachishwa ziwa alishibishwa wanga, akakosa protini. Mwaka 1965 kilianzishwa hapo Mulago kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, na akina mama wakafundishwa kupika kitobero, yaani kuchanganya matoke na maharage, samaki au karanga. Karanga hizo hizo ambazo leo jajja anakatazwa.

Katika wodi za watu wazima, madaktari walishangazwa na kitu kisichokuwepo. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, uliokuwa ukiua watu wengi Ulaya, ulikuwa nadra sana kwa Waafrika, kiasi kwamba mwaka 1956 Trowell na Singh waliona mgonjwa mmoja tu anatosha kuandikiwa makala. Mwaka 1959 Shaper na Jones walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa Waafrika na Waasia wa Uganda. Waasia walikula mafuta mengi zaidi, kolesteroli yao ilikuwa juu, na moyo uliwasumbua. Maelezo hayo yaliafikiana na yale ya Ancel Keys huko Marekani: adui ni mafuta. Lakini Shaper huyo huyo alikwenda kwa Wasamburu, kaskazini mwa Kenya, watu wanaoishi kwa maziwa yenye mafuta mengi, akakuta kolesteroli yao iko chini. Nilisoma sehemu hii mara mbili. Mtafiti yule yule, na ndani ya miaka michache tu!

Kisha akaja Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Aliporudi kwao alivutiwa na mawazo ya Cleave kuhusu sukari na unga uliokobolewa, akaanza kupima choo cha watu. (Darasani tulicheka, yeye hakuwa akitania.) Katika makala ya mwaka 1972, wanakijiji wa Uganda walikuwa na wastani wa gramu 470 kwa siku, na mabaharia wa Uingereza 104. Hitimisho lake lilikuwa nyuzinyuzi. Mwaka 1975 yeye na Trowell walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi, na Waingereza wakahimizwa kula pumba za ngano.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa chakula chetu cha asili. Matoke yaliyomenywa na kupondwa hayana nyuzinyuzi nyingi kiasi hicho. Watafiti wa baadaye waligeukia wanga usiomeng'enywa, unaofika hadi utumbo mpana. Tena wanakijiji wale walilima na kutembea. Utatenganishaje jembe na sahani?

Sahani ni ile ile. Mwaka 1954 ililaumiwa, mwaka 1975 ikasifiwa, leo inalaumiwa tena. Kwa maoni yangu madaktari wale hawakudanganya. Trowell wa mwanzo alitafuta kinachomkosesha mtoto wa Buganda afya. Burkitt alitafuta kinachomuumiza Mwingereza mla mkate mweupe. Kosa lilitokea pale jibu la Burkitt, lililoandikwa kwa ajili ya wala mkate, liliporudi Kampala likiwa amri kwa bibi ambaye mkate si chakula chake.

Sikumwambia jajja aidharau kliniki wala aache dawa. Nilimsindikiza aliporudi. Safari hii muuguzi aliweka karatasi pembeni, akamuuliza anakula nini tangu asubuhi. Jajja akahesabu: chai mara tatu, kila kikombe vijiko vinne vya sukari, mandazi mawili, matoke mchana, na usiku matoke tena. Muuguzi akaanza na sukari, kisha mandazi, kisha akaonyesha kwa kiganja kipimo cha matoke. Karanga hakuzigusa.