"Less" na "fewer": kanuni ilitoka wapi?

Ndugu zetu wanaojifunza Kiingereza wanafundishwa mapema kanuni hii: vitu vya kuhesabu, kama watu na vitabu, vinataka neno "fewer", vitu vya kupima tu, kama maji, vinataka "less". Mwenye kuandika "less people" anakatwa alama. Wengi wanadhani kanuni hiyo ni ya kale kama lugha yenyewe. Sivyo.

Alfred, mfalme wa Wessex, aliyekufa mwaka wa 899, tunamheshimu kwa kuwapa watu wake, katika lugha yao, kitabu cha Mtakatifu Gregori Mkuu juu ya kazi ya wachungaji. Tafsiri ya kale ya Boethius nayo husemwa kuwa yake. Basi, katika Boethius huyo "less", kwa umbo lake la zamani, limetumiwa kwa maneno, nayo maneno huhesabika! Jina lililofuata liliwekwa katika genetivus, kama Kilatini kisemavyo "plus pecuniae". Baadaye miisho ya genetivus ilipotea, na "less" likabaki peke yake mbele ya wingi.

Upande wa kuzidi, Waingereza walikuwa kweli na maneno mawili: "mo" kwa hesabu, "more" kwa kipimo. Biblia yao ya mwaka wa 1611 ilichapwa ingali na "moe". Neno hilo limekufa, "more" linafanya kazi zote mbili, wala hatusikii mwalimu akililia.

Hata mwaka wa 1770 Robert Baker akatoa kitabu cha kuchungua Kiingereza. Alikiri kwamba watu kwa kawaida walitumia "less" kwa hesabu. Yeye lakini aliona "fewer" lingefaa kupita. Tuangalie vema: alitoa maoni yake, hakutunga sheria. Waliokuja nyuma yake waliacha lile "naona", wakashika amri.

Mwalimu basi asimwambie mwanafunzi kwamba "less people" ni uharibifu wa siku hizi; ni desturi iliyomtangulia Baker kwa miaka karibu 900. Hata hivyo, katika mtihani tunashauri "fewer", kwani ndilo wasahihishaji wanalotazamia. Fedha, mwendo na muda hubaki na "less" hata zikihesabiwa: "less than ten miles".