Bezaleli Ana Jina: Fundi, Kipawa na Ujira katika Makanisa ya Bungoma na Kitale

Makanisa mengi yaliyo kwenye barabara ya kutoka Bungoma kwenda Kitale yana kibao cha marumaru karibu na mlango. Kimeandikwa jina la askofu au mgeni wa heshima aliyeweka jiwe la msingi, na tarehe. Aliyelipanga jiwe lenyewe hatajwi. Hata aliyezichonga herufi zile hatajwi.

Mwandishi wa Kutoka 31 hakufanya hivyo. Bezaleli, fundi wa hema la kukutania, anatajwa pamoja na baba yake Uri, babu yake Huri na kabila lake la Yuda; kisha anafuata Oholiabu wa Dani. Bezaleli ndiye mtu wa kwanza kwa jina ambaye Biblia inatamka wazi kwamba Mungu alimjaza roho yake, na hakujazwa ili ahubiri wala atabiri. Alijazwa ili afue dhahabu na shaba, akate vito, achonge mbao. Wahubiri wetu wanaijua sura hii, na siku ya harambee ya ujenzi huisoma kwa sauti kubwa. Hoja yangu ni kwamba huikatiza njiani. Wakishathibitisha kwamba kipawa chatoka kwa Mungu, huongeza neno ambalo Musa hakuliandika: basi kitolewe bure, au kwa nusu bei.

"Fundi, hii ni kazi ya Mungu," huambiwa. Mwenye duka la mabati na saruji haambiwi hivyo. Analipwa taslimu kabla lori halijaondoka. Mwenye lori naye hulipwa. Sadaka ya lazima hubaki kwa mtu mmoja, naye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote waliokaa kwenye kamati.

Si kwamba Ukristo uliingia hapa ukiudharau mkono wa fundi. Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliuita utume wao Friends Africa Industrial Mission, wakimaanisha misheni ya viwanda: wafuasi wajifunze kazi za mikono na misheni ijitegemee. Kiwanda cha kupasua mbao kilikuwa sehemu ya injili yao. Baadaye, utume ulipoenea hadi Lugulu na kwingineko, heshima ilihamia kwa aliyeshika chaki na aliyesimama mimbarani. Mwaka 1966 makanisa yaliamka tena: ripoti ya Baraza la Kikristo la Kenya kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi bila pa kwenda ilichangia kuzaliwa kwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Leo vyuo hivyo viko chini ya kaunti, na sijui ni wachungaji wangapi wanaokumbuka kwamba ni watoto wa makanisa yao.

Mila za Wabukusu zina somo hapa, ingawa najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Omukhebi, yaani ngariba, huaminika kuwa ameitwa na misambwa, yaani mizimu, ya ukoo wake. Kipawa chake si chake. Hata hivyo, Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara, inapofika, kila mzazi anayemwita anajua kwamba kuna malipo. Hakuna anayemwambia kwamba kwa kuwa ameitwa na mizimu, atahiri bure. Utakatifu wa wito ndio unaofanya watu waogope kumdhulumu. Kanisa lilimkataza Mkristo kumwendea mzimu, na hilo ni haki yake; ajabu ni kwamba kipawa kilipotajwa kuwa cha Mungu, bei yake ikashuka.

Nitajibiwa kwamba Paulo alishona mahema asiwalemee watu. Ni kweli. Lakini katika 1 Wakorintho 9 anaanza kwa kuithibitisha haki yake ya kulipwa, ndipo anaiacha mwenyewe. Hakuna kamati iliyoiacha kwa niaba yake.

Ujira, hata hivyo, ni nusu ya jambo; nusu ya pili ni sauti katika maamuzi. Bin Sira, ambaye Wakatoliki wa majimbo ya Bungoma na Kitale wanamsoma katika Biblia yao, anakiri katika sura ya 38 kwamba bila mhunzi na mfinyanzi mji haukaliki, kisha anasema watu hao hawatafutwi katika baraza. Alikuwa akieleza alichokiona, na bado kinaonekana. Kwenye kamati ya ujenzi utamkuta mwalimu mstaafu, mfanyabiashara na karani. Kutoka 36 inasema vingine kabisa: mafundi wenyewe waliacha kazi, wakaenda kwa Musa kumwarifu kwamba michango imezidi, na Musa akatangaza watu wasilete tena. Fundi alikuwa na sauti juu ya bajeti.

Niliwahi kutazama msingi wa kanisa moja ukipimwa. Fundi alishika ncha moja ya mpira wa maji, mtu wake wa mkono akashika ya pili kwenye pembe ya mbali. Wakangoja maji yatulie, wakapiga alama kwenye vigingi. Kisha fundi akachomeka nondo pale pembeni, ikazama kama kwenye uji. Udongo ulikuwa wa kujaziwa.

"Mzee, hapa tuchimbe zaidi," alimwambia mwenyekiti.

"Fundi, wewe jenga. Mambo ya pesa tuachie sisi."

Pesa za kuchimba zilikuwa zimeshapangiwa vigae vya madhabahuni. Mvua za mwaka wa pili ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, na kamati ikamwita tena, ikimkumbusha kwamba ni kazi ya Mungu. Alikuja na mpira wake ukiwa umekunjwa begani. Aliuweka chini, akavuta kiti kwenye meza ya wazee, akaketi.