Sheria Iliyowaachia Ndugu

Mwaka 1988, mwezi Agosti, mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba. Alikuwa amelirithi kwa baba yake, kwa wosia. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na wa kumtunza, akalitoa kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikamkubalia. Mauzo yakafutwa, na Holaria akaamriwa kurudisha fedha za mnunuzi.

Wanafunzi wa sheria nchini Tanzania wanaijua kesi hii kwa mwisho wake, yaani hukumu ya Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990, iliyosema kwamba Katiba inakataza ubaguzi na kwa hiyo mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale anayopewa mwanamume. Mimi ninayesoma historia, si sheria, navutiwa zaidi na mwanzo wake, pale Kashasha. Nadhani ndipo unapoweza kuona kwa nini nchi hii ilihitaji watu tunaowaita leo wasaidizi wa kisheria, na kwa nini masomo wanayofundishwa yana sura yalivyo nayo.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilitungwa mwaka 1963, na iliweka mahakama ya mwanzo kuwa mlango wa kwanza wa mwananchi wa kawaida. Kiswahili kingetumika, hakimu angekaa na wazee wa baraza, na taratibu zingekuwa nyepesi. Wakili hakuruhusiwa kuingia. Sababu yake ilieleweka. Wakati wa uhuru, mawakili Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mawakili wengine walikaa mijini wakihudumia wenye fedha. Kumruhusu wakili kungekuwa kumpa tajiri silaha ambayo jirani yake maskini hana. Hadi hapo sina ugomvi na waliotunga sheria.

Lakini kifungu hichohicho cha 33 kina kipengele kinachosomwa haraka na kupitwa. Kinasema kwamba katika shauri la madai, mahakama inaweza kumruhusu ndugu, au mtu wa kaya ya mwenye shauri, asimame kwa niaba yake. Ndugu ndiye aliyewekwa mahali pa wakili. Kwa mgogoro wa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, huo ni mpango mzuri. Mwana atamsemea baba, kaka atamsemea dada.

Sasa jiulize mpango huo unamfaa nini mwanamke anayeshitakiwa na ukoo wake mwenyewe. Mjane anayenyang'anywa nyumba hanyang'anywi na mgeni. Binti anayenyimwa shamba hunyimwa na kaka zake. Katika mirathi, ndoa na ardhi ya ukoo, ndugu ambaye sheria imemkabidhi kazi ya kusaidia ndiye mara nyingi amekaa upande wa pili wa chumba.

Na ndugu huyo alikuwa na karatasi. Mwaka 1963 huohuo serikali ilitangaza rasmi sheria za mila zilizokusanywa na kuandikwa, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni. Kanuni za urithi zilisema wanawake wanaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo wataitumia wakiwa hai tu, bila kuiuza. Ilipokuwa mdomoni mwa wazee, mila hiyo iliweza kubishaniwa. Sasa ilikuwa na namba ya tangazo la serikali.

Nani alifundishwa kuisoma karatasi hiyo? Kwanza, hakimu. Mzumbe, karibu na Morogoro, palikuwa na chuo kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1953 kufundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Baada ya uhuru kikaanza kufundisha pia mahakimu wa ngazi ya chini. Mtaala ulikuwa wa mtu wa ofisini: namna ya kuandika mwenendo wa shauri, vifungu vya makosa vinavyotumika kila siku, mipaka ya adhabu anayoweza kutoa. Pili, wanasheria wenyewe. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14. Ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wahitimu wake walikwenda serikalini, mahakama za juu, mashirika ya umma. Kashasha hawangeweza kusimama hata kama wangetaka.

Katikati ya hakimu wa Mzumbe na mwanasheria wa Mlimani palikuwa na mtu wa tatu, ambaye hakuna aliyemfundisha. Tunamwita wakili kishoka. Ni yule anayekaa chini ya mti nje ya mahakama na mashine ya kuchapa, siku hizi kompyuta, akimwandikia mtu hati ya madai au sababu za rufaa kwa malipo. Sheria ya Mawakili, iliyotokana na ile ya mwaka 1955, inamhesabu kuwa mkosaji, kwa kuwa asiye wakili haruhusiwi kuandaa nyaraka za kisheria kwa ujira. Najua vishoka wamewaumiza wengi. Hata hivyo sipendi wanavyosemwa kana kwamba waliota kama uyoga. Waliota pale ambapo palikuwa na karatasi nyingi na wasomaji wachache.

Serikali ilijaribu kidogo. Sheria ya mwaka 1969 ilitoa msaada wa wakili kwa washitakiwa wa jinai, na kwa vitendo ikawafaa zaidi waliokabiliwa na makosa makubwa kama ya kuua. Mjane hakuwemo.

Waliomkumbuka walikuwa wanawake wenzake. Mwaka 1989, chini ya SUWATA, shirika la uchumi la Umoja wa Wanawake wa Tanzania, wanasheria wanawake walianzisha mpango wa msaada wa kisheria. Baadaye ukajitegemea na kuwa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake. Katika miaka hiyohiyo wanasheria wanawake waliunda chama chao, TAWLA. Mwaka 1995 kikaja Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Zanzibar, Profesa Haroub Othman na wenzake walikuwa wameanzisha kituo chao mwaka 1992. Wote walikutana na tatizo moja. Foleni ya watu Dar es Salaam au Unguja mjini haikwisha, na wengi walikuwa wametoka mbali na kesi ambayo tayari ilikuwa imeharibika huko ilikoanzia. Wakati huo mwanasheria hakuweza kuingia mahakama ya mwanzo, lakini aliweza kumfundisha mtu anayeishi jirani nayo.

Hivyo katika miaka ya 1990 madarasa yakaanza. Waliokaa darasani walikuwa walimu wa shule za msingi, wauguzi, viongozi wa dini, wakulima waliomaliza kidato cha nne. Walifundishwa kwa Kiswahili, wiki chache kwa awamu. Tazama walichofundishwa. Somo la kwanza zito ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: sababu za talaka, baraza la usuluhishi, matunzo ya watoto, mgawanyo wa mali. Hapo huingizwa kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Kanuni iliyotokana na shauri lake ndiyo iliyowafaa waliomfuata.) Kisha mirathi. Kisha ardhi, hasa baada ya sheria mbili za mwaka 1999, ambazo zilitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haitafuatwa. Ndoa, mirathi, ardhi. Ndiyo mashauri ambayo ndugu hawezi kuwa msaidizi kwa sababu ndugu ndiye mdai. Sidhani walioandaa mitaala walikuwa na kifungu cha 33 mezani. Waliandika walichoulizwa kila asubuhi na watu waliopanga foleni, na kwa kufanya hivyo wakaziba pengo ambalo sheria ya 1963 ililiacha.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi hii iliendelea bila jina katika sheria. Hakimu mwenye moyo alimpokea msaidizi wa kisheria vizuri, mwenye hasira alimfukuza pamoja na vishoka. Mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo ikamtambua msaidizi wa kisheria, ikaweka msajili, ikataka mafunzo yawe na mtaala unaokubalika. Zanzibar ikatunga yake mwaka uliofuata.

Kutambuliwa kulikuja na mipaka. Msaidizi anaweza kutoa elimu ya sheria, kumwelekeza mtu kwenye chombo kinachofaa, kumsaidia kupata nyaraka, kushauri wagombanao wapatane. Hawezi kusimama mahakamani. Hawezi kutoza hata shilingi. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachoniudhi. Wakili alindwe dhidi ya ushindani, sawa. Lakini mwanamke anayetembea kilomita nyingi kwenda na mjane polisi, mara tatu kwa wiki, anakula nini? Jibu la vitendo limekuwa ruzuku za wafadhili, hasa zilizopitia mfuko wa huduma za kisheria ulioanzishwa kwa fedha za Denmark mwaka 2011. Mradi ukiisha, nauli inaisha.

Kuna mkondo wa pili siku hizi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na vyuo vingine vinafanya hivyo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne husoma sheria ya jinai, mikataba, madhara, ushahidi, mwenendo wa madai. Akimaliza anaweza kuwa karani wa mahakama au wa ofisi ya mawakili, au akaendelea na shahada. Wengi wanaendelea, kwa sababu ngazi imerefuka. Tangu 2008 shahada haitoshi tena kuwa wakili bila kupitia Shule ya Sheria. Na kijana huyo husoma haya yote kwa Kiingereza, ingawa watu atakaokutana nao dirishani watamsimulia kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mihtasari ya masomo haikuhama siku hiyohiyo.

Mwanafunzi wa chuo anajua zaidi kuhusu mikataba kuliko yule aliyesoma wiki chache kijijini. Yule wa kijijini anajua jambo ambalo halimo katika kitabu cha ushahidi. Anajua kwamba mjane akienda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, karani atamwomba kwanza cheti cha kifo, halafu muhtasari wa kikao cha ukoo. Sheria haisemi kwamba bila muhtasari huo maombi hayapokelewi, na mahakama za juu zimelieleza hilo. Lakini dirishani unaombwa, na mjane anarudi nyumbani kuutafuta kwa shemeji zake, ambao wanaweza kuitisha kikao Jumapili hii, au mwezi ujao, au wasikiitishe kabisa.